Maua Niliyoyachomeka Ardhini

Naona haya kulisimulia jambo hili, kwani mzee wa umri wangu angefaa kusimulia mambo ya heshima, lakini kwa kuwa watu wa Oyugis wamekwisha kulieneza kwa vicheko vyao, bora mlisikie kutoka kwangu mwenye kosa.

Kwenye mteremko nyuma ya boma langu palikuwa na ua la mwituni, jekundu lenye koo la manjano, ambalo huchipua lenyewe katikati ya nyasi kila masika yakija, kisha hukauka na kulala ardhini kama kitunguu mpaka mwaka unaofuata (tulipokuwa tukichunga ng'ombe tulinyonya asali yake, wala hatukuliona kuwa kitu). Mwalimu Akinyi, binti anayefundisha mambo ya mimea chuoni, alipoliona alikaa chini akashika kichwa. Alisema amelitafuta kutoka Rongo hadi karibu na mpaka wa Tanzania, kila mahali pamelimwa miwa na mahindi, na hajaliona kwingine ila hapa kwangu.

"Jaduong'," aliniambia, kwa ile heshima yetu ya kumwita mzee, "nitaleta wageni walione, tupafanye mahali pa kuhifadhiwa. Nakuomba kitu kimoja tu, usiguse chochote. Hata nyasi."

Nikasema sawa. Lakini huku kwetu mgeni akikuta nyasi zimefika magotini hudhani mwenye boma amekufa na watoto wamehama, nami nikawaza, chifu mwenyewe anakuja, nitamkaribisha kichakani? Kufyeka siwezi tena, mgongo umekataa, kwa hiyo siku kumi kabla ya wageni nikajaza bomba dawa ya kuua magugu.

"Baba Otieno, na yale maua?" mke wangu akauliza.

Nikamjibu kwa ujuzi wangu wa kidato cha nne kwamba kitu chenye kitunguu chini hakifi, mteremko huu tumeuchoma moto miaka yote na hurudi, sembuse maji ya chupa. (Moto huchoma majani tu. Dawa ile huteremka hadi kwenye kitunguu. Imeandikwa kwenye chupa, na kusoma najua, ila sikusoma.)

Wiki haikuisha, mteremko mzima ukawa na rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. Hapo mtu mwenye akili angempigia mwalimu simu. Mimi, asubuhi ya siku yenyewe, nilikwenda kanisani watu hawajaamka, nikakata yale maua mekundu marefu yanayotunzwa na akina mama, nikaja kuyachomeka mteremkoni kwa mstari (maua ya mwituni kwa mstari, jamani!).

Wageni wakafika, chifu akahutubia, akina mama wakaimba. Mwalimu akapiga magoti, akashika ua moja taratibu, likatoka lote mkononi mwake, halina mzizi, chini limekatwa kwa kisu. Kisha Mama Adhiambo, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, akapaza sauti.

"Uuwi! Si hayo ni maua yetu? Baba Otieno, siku hizi unamwibia Mungu?"

"Hajaiba, mama," mwingine akadakia, "yamepanda mlima yenyewe!"

Watu wakaangua kicheko, hata chifu akageuka kando akajifanya anakohoa.

Mimi nilikuwa namwangalia mwalimu, kwa sababu yeye hakucheka. Alichimba kwa vidole, akatoa kitunguu, akakibonyeza kikapasuka kama ndizi iliyooza. Akachimba kingine, na kingine, akizidi kwenda mbele kwa magoti mpaka akafika mwisho wa mteremko.

"Ulipiga dawa?"

"Nilipiga, mwanangu."

"Kote?"

"Kote."

Akafuta mikono kwenye sketi, akaingia garini bila kunywa chai.

Bomba nimelipasua kwa shoka, na nimeapa kwamba mtu anayejua kitu akiniambia acha, nitaacha, hata watu wanione mvivu wa mwisho katika Homa Bay nzima. Masika mengine yamekuja. Kila asubuhi natembea mteremkoni nimeinama kama aliyepoteza sindano, na nyasi zimerudi, magugu yamerudi, yote niliyotaka yafe yamerudi. Mwalimu alinipigia simu mara tatu. "Limetoka, Jaduong'?" Nikamwambia bado. Lile neno jingine nashindwa kulitamka. Mwezi huu hajapiga.