Waya Kwenye Mpira wa Rejeta

Saadi Athumani aling'olewa jino Nyamongo kabla hajamaliza wiki ya kwanza. Alimwambia mchimbaji mmoja kwamba pikipiki yake haina ubovu wowote, ila mwenyewe ndiye hajui kuendesha, na jibu likaja kwa ngumi. Saadi naye akampasua kichwa kwa spana namba kumi na tisa. Walishonwa siku moja, zahanati moja, kwenye benchi moja, na kuanzia hapo akahesabiwa mwenyeji. Watu wa pale walimheshimu fundi ambaye ukimpiga anarudisha.

Kwao ni Mugumu. Baba yake, mzee Athumani, alikuja huko kutoka Tanga na kisanduku cha vifaa, akaoa, na mwanawe akarithi kisanduku pamoja na mdomo. Miaka ile dhahabu ilipowatia watu wazimu, kila mwenye nguvu akatupa jembe na kushika nyundo, Saadi alikwenda Nyamongo lakini shimoni hakuingia. "Dhahabu inakwisha," alisema. "Magari mabovu hayaishi."

Ila mji ule, jamani! Watu walikatana kwa ajili ya mpaka wa shimo, kwa ajili ya koo, kwa ajili ya mwanamke, na wakati mwingine kwa kusukumana tu kwenye foleni ya maji. Asubuhi nyingi Saadi alianza kazi kwa kuosha damu ya watu kwenye siti, ndipo afungue boneti. Alizoea. Na akizoea mtu kitu kama hicho, mshukuru Mungu kama bado anapata usingizi.

Sasa nieleze kosa lake, maana halikuwa lake peke yake. Mipira ya rejeta hubanwa kwa kilipu, na kilipu ilikuwa mpaka uifuate Tarime mjini. Nyamongo kila mtu alikuwa anajenga, kwa hiyo waya wa kufungia nondo ulizagaa kila kona. Mafundi wote wakauzoea: unauzungusha mara mbili kwenye mpira, unausokota kwa koleo, na maji hayatoki. Leo hayatoki. Lakini mpira ukipata moto unavimba, waya hauvimbi, basi unaanza kuula mpira kidogo kidogo, na unakata safi kama wembe. Mzee Athumani alimkataza mwanawe mchezo huo tangu utotoni. Lakini mteja akiwa amekusimamia kichwani na rungu mkononi, utafunga hata kwa kamba ya mbuzi.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, trekta lilivuta pikapu kuukuu ya Wangwe mpaka kwenye gereji ya Saadi. Wangwe alikuwa na mashimo matatu, vijana wengi, na hasira ya kuwatosha wote. Siku iliyotangulia pikapu hiyo ilikuwa imebeba viroba vya mawe ya dhahabu, ikachemsha kwenye mlima wa kwenda Kemambo, ikazima. Haikupita hata robo saa, wezi wakachomoza kwenye mahindi na mapanga. Walimuua Kisyeri, mdogo wake Wangwe, mtoto wa tumbo moja. Dereva, Mayunga, Msukuma aliyetoka Geita kutafuta maisha, alikimbilia mahindini akapona. Kupona huko ndiko kulikomponza.

Vijana wa Wangwe walimshusha Mayunga kutoka nyuma ya pikapu mikono imefungwa kwa mbele, jicho moja limeziba kwa kipigo.

"Shikamoo, mzee Wangwe," Saadi alisema.

Wangwe alimsogelea. Alikuwa na panga, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Mura, kijana, gari hili ulilifunga wewe mpira majuma mawili yaliyopita, na maji hayakupungua hata kidogo. Jana limebeba mawe, maji yote yamekwisha. Nitafutie yalikotokea. Kama limeharibika lenyewe, huyu aende kwao. Kama ameliharibu ili wale wamkute mdogo wangu, hataondoka mzima."

Saadi akaanza kazi, na vijana wa Wangwe wakamzunguka. Alimimina maji mpaka rejeta ikajaa, akalala chini kuchungulia. Hakuna tone. Akachomoa kijiti cha oili: oili ilikuwa nyeusi, haikufanana na chai ya maziwa, basi maji hayakuingia kwenye injini. Akapapasa chini ya wota pampu, kukavu. Mfuniko wa rejeta ulikuwa mzima.

"Hakivuji kitu," mmoja wao alisema, akampiga Mayunga teke la mbavu. "Alifungulia maji huyu!"

"Subiri!" Saadi alifoka. "Kuna uvujaji hauonekani mpaka gari lipate moto. Acheni nifanye kazi, au lipigeni teke na gari liwajibu."

Akawasha injini. Rahabu, mama aliyeuza chai ng'ambo ya barabara, alisogea akiwa bado ameshika birika. Dakika kumi zilipita. Mpira wa juu ulikakamaa kwa moto, na ghafla, kwa chini, maji yakaruka kama mkojo wa ng'ombe, yakimwagikia vumbini. Saadi akazima injini. Akajifunga tambara mkononi, akaingiza mkono mpaka kwenye mpira wa chini, pale unapoingia kwenye rejeta. Kidole chake kikagusa waya. Waya ulikuwa umezama wote ndani ya mpira.

Alijua hapo hapo. Alikuwa ni yeye aliyemuua Kisyeri, kama si kwa panga basi kwa waya.

Aliufungua kwa koleo, waya ukaanguka kwenye tope, akauvuta mpira, ncha ile ikachomoka kwenye rejeta. Mkato ulionekana, mwembamba, safi. Wangwe akamnyang'anya ncha ile.

"Kisu," alisema polepole. "Mnaona? Hiki ni kisu."

Wakamburura Mayunga mpaka kwenye tairi lililolala chini, wakamfungua mikono na kumlazia wa kulia juu yake. Alikuwa akipiga kelele na kujivuta, huku akimtazama Saadi usoni. "Fundi, sema! Fundi, wewe unajua magari!"

Na Saadi, mwenye mdomo kuliko watu wote wa Nyamongo, alinyamaza. Aliona panga, akamwona na mke wake Ummy nyumbani na mimba ya miezi saba, akaogopa. Si muda mrefu. Muda wa kumeza mate tu. Panga likashuka.

"Waya!" alipiga ukelele. "Ni waya wangu! Mimi ndiye niliyefunga!" Aliokota waya topeni, akauzungusha kwenye mkato, ukaingia wote. Akakimbilia ncha ya pili ya mpira ule, iliyokuwa bado kwenye injini, akafungua waya wake, na hapo pia palikuwa na alama iyo hiyo, haijafika ndani. "Kisu gani kinakata duara namna hii?"

Wangwe alitazama. Akatazama tena. Kisha akamgeuzia Saadi panga upande wa bapa, akampiga mpaka mfupa wa bega ukavunjika na mbavu mbili zikapasuka. Alipochoka alikaa chini kando ya mkono wa Mayunga uliokatika, akalia kama mtoto. Rahabu alikuwa wa kwanza kukumbuka kumfunga Mayunga kidonda, kwa khanga yake mwenyewe.

Sifa hazina macho. Rahabu alimsimulia kila aliyekunywa chai jinsi fundi alivyojitoa mhanga kumwokoa Msukuma asiyemjua, na Nyamongo nzima ikamwita Saadi mwanaume. Hakukanusha.

Baada ya miezi mitatu Mayunga alipita gereji akiwa njiani kurudi kwao. Alinyoosha mkono wa kushoto, na Saadi akaushika bila kujua aushike vipi.

"Ndugu yangu, unisamehe," Saadi alisema. "Nilichelewa kuuona ule waya."

"Hukuchelewa." Mayunga hakuwa na hasira sautini. "Nilikuwa nakuangalia. Ulipougusa tu ukafumba macho, nikajua umeshajua. Nikasema moyoni, nimepona, huyu atasema sasa hivi. Ndiyo maana mwishoni niliacha kuuvuta mkono."

Bodaboda aliyekuwa akimsubiri barabarani alipiga honi. Mayunga akamwomba Saadi amsaidie kuvaa begi mgongoni, naye akamvalisha.