Kofi na Bangili za Harusi

Leo asubuhi nimemzaba nesi kofi, wodi nzima ya watoto wachanga ikishuhudia.

Msinitukane bado, someni.

Mjukuu wangu ana siku sita, kazaliwa njiti, na tangu juzi damu yake imeingia bakteria. Nikanyoosha mkono nimguse, nesi akaudaka.

"Mama, vua bangili kwanza."

Bangili za harusi yangu. Miaka thelathini hazijatoka mkononi. Na nilikuwa nimenawa, wallahi.

Nikamzaba. Akajigonga kwenye sinki, mdomo ukapasuka, damu ikamchuruzika hadi kwenye sare. Mwanangu mwenyewe akanikokota nje.

Daktari akanifuata mlangoni. Akanambia bakteria hao hukaa kwenye ngozi zetu wala hatuwahisi, na hujificha chini ya bangili hata ukinawa. Kitoto njiti, bakteria hao hukiua.

Siku sita nimekuwa nikimpapasa kifua nikimsomea dua.

Bangili zilikataa kutoka. Nikaenda kwa sonara Mji wa Kale, akazikata.

Niliporudi, nesi yule yule, mdomo umevimba, alikuwa akimlisha mjukuu wangu. Akanitazama mikono.

"Nawa, mama, kisha uje umshike."

Afadhali angenirudishia kofi langu.