Posa ya Malinyi na Mababu wa Wamandinka

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilifunga safari kwenda Malinyi kuwatetea mababu zangu. Mimi mwenyewe sikuwa na kasoro, ila Mzee Kaspari, baba yake Magdalena niliyetaka kumwoa, alikuwa ameniletea neno: haozeshi binti kwa mtu asiyejua asili yake.

Ifakara tuliondoka alfajiri kwa lori, mimi na baba mdogo Beno, mshenga wangu. Mtoni, tukingoja pantoni, alinitungia ukoo.

"Sema tulitoka Ungoni, wapiganaji watupu."

"Lakini sisi Wapogoro, baba."

"Nani atajua?"

Lupiro lori lilikwama kwenye tope. Tukaendelea kwa miguu kati ya mashamba ya mpunga, nami nikikariri mashujaa ambao sikuwahi kuwasikia.

Malinyi tulikaribishwa chai. Nilipokwisha kumwamkia, mzee akaanza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alilazwa hospitali ya jeshi kule India, kitanda kilichopakana na cha askari Mmandinka wa Gambia. Maradhi yalimtoka; masimulizi ya jirani hayakumtoka. Alitueleza jinsi Wamandinka walivyoanzia nchi ya Mande, kwenye mto Niger. Jinsi dola ya kale iitwayo Wagadu ilivyoanguka kaskazini, na koo za wawindaji zikaungana kuwa dola mpya. Kila ukoo, alisema, una mtu wa kuwataja wahenga wake huku akipiga ala ya nyuzi.

"Haya, kijana. Na ninyi?"

Nikafumbua mdomo. Wapiganaji wote walikuwa wamekimbia.

"Babu alizaliwa Mahenge, mzee. Nyuma ya hapo sijui."

Baba mdogo alifumba macho kama mtu aliyefiwa.

Mama yake Magdalena akaweka birika chini. "Na sisi Wandamba, baba Magdalena, tulitoka wapi?"

"Sisi? Sisi tulikuwa wawindaji, tukafuata mto mkubwa..."

"Huo wa Wamandinka. Nauliza wetu."

Mzee akamtaja babu yake, akaishia hapo. Mwishowe akacheka mpaka akakohoa. "Leteni wali," akasema. "Huyu mkwe angalau hakunidanganya."

Tulirudi Ifakara na jibu zuri, baba mdogo akinung'unika njia nzima kwamba Wangoni wake wamepotea bure.

Nilijifunza kusema sijui, na imenifaa. Wanangu hawakuirithi tabia hiyo. Babu yao wa Malinyi amewalea likizo zote. Mwalimu akiwauliza asili ya kabila lao, husimama wima na kuanza: "Sisi tulitoka Mande."