Ushauri Niliompa Mama Kazungu

Leo mama mmoja amenishukuru kwa ushauri uliomuua mwanawe.

Nilikuwa zahanatini na wanafunzi wa udaktari, nikiwafundisha wasikubali tiba kwa sababu tu mkubwa wao kasema. Waulize: imejaribiwa kwa nani, na ikaleta nini?

Bibi mmoja akanisogelea. "Daktari, umenisahau? Mimi Mama Kazungu, wa Jilore."

Sikuwa nimemsahau.

Miaka ya themanini, nikiwa daktari mgeni Malindi, alimleta mtoto wake anaharisha. Alitaka kumpa maji ya dafu. Nikamkataza. Nikamwambia tumbo lipumzike, asinywe kitu.

Ndivyo nilivyofundishwa, nami sikuuliza ushahidi. Na ushahidi ulikuwapo tayari, kwamba mtoto anayeharisha huokolewa kwa maji yenye chumvi na sukari.

Kazungu alifariki siku ya pili.

Leo mamake ananiambia, mbele ya wanafunzi wangu, "Asante, Daktari, ulijitahidi. Mpaka sasa nawaambia binti zangu, mtoto akiharisha asipewe maji."

Nilitamani kunyamaza, wallahi. Lakini kuna wajukuu.

Nikamketisha. Nikamwambia nilikosea, na wajukuu wakiharisha wanyweshwe maji yenye chumvi na sukari, tena wasiachishwe kunyonya.

Kisha akauliza, polepole, "Kwa hivyo alipokuwa akilia vile, alikuwa anataka maji?"

Nikasema ndiyo.

Akajitanda leso yake, akatoka bila kuniaga.

Madaktari wenzangu, swali lile la mwisho, nyinyi mngemjibu vipi?