Mshale Uliolala Kila Tulipokata Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya sitini ikielekea kwisha, niliteremka kutoka Chawia hadi karakana ya Voi nikidhani nitashika spana. Foreman akanipa kabureta nioshe mpaka saa kumi. Wiki ya tatu ndipo aliponipa taa ya kupimia umeme, balbu ndogo yenye nyaya mbili.

"Usibadilishe kitu ambacho hujakipima," akaniambia. "Kubadilisha, hata mpita njia anaweza."

Nilitengeneza malori na trekta Voi kwa miaka sita, nikapelekwa Mraru kwenye pampu za maji, kisha kituo cha uvuvi cha Ziwa Jipe. Kituo kilikuwa na boti moja tu, yenye injini ya kufunga nyuma, kuukuu, rangi imebabuka. Mkuu wa kituo alikuwa afisa kijana, nadhifu, asiyependa kungoja. Mwendeshaji wa boti alikuwa Mzee Odhiambo, mtu wa magharibi aliyekuja kwetu kufanya kazi ya mkonge, akasimama miaka mingi kando ya mashine ya kukamua majani.

"Mita ya mizunguko imekufa," afisa akaniambia. "Ing'oe. Injini husikilizwa kwa masikio, mita ni pambo tu."

Mzee Odhiambo, ambaye alikuwa akimtazama afisa mdomoni, akadakia, "Hapana, bwana. Itengenezwe."

Mita ile huonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Ina nyaya tatu: mmoja huleta umeme kutoka kwenye swichi, mweusi huurudisha, na wa kijivu hutoka kwenye koili za kuchajia betri ukileta mapigo ambayo mita huyahesabu. Nilipima zote boti ikiwa imefungwa ufukweni. Taa iliwaka ilipotakiwa, mshale ukapanda vizuri. Nikamwambia mzee twende majini.

Tulipokata kulia, mshale ulibaki juu. Tulipokata kushoto, ukalala kwenye sifuri. Nilikuwa nimeinama nyuma nikifurahia ugunduzi huo pale propela ilipogonga gogo lililozama. Pini yake ikakatika, na injini, ikiwa haina tena cha kusukuma, ikapiga yowe. Mzee Odhiambo akakodolea macho mshale uliolala, akaongeza mafuta.

"Zima!" nikapaza sauti. "Mzee, zima!"

Hakugeuka. Nikamrukia, nikazima swichi mwenyewe. Kimya kilipoingia nikasikia mvuvi akitutukana kutoka kwenye mtumbwi wake. Kumbe alikuwa akituita muda wote, nasi tulikuwa tumempita karibu kiasi cha kumgusa kwa kasia.

Mzee aliona uso wangu, akajua nimejua.

"Ile mashine ya mkonge ilichukua masikio yangu," akasema. "Naendesha kwa kutazama mshale. Usiniseme, ndugu yangu. Nina watoto wanne shuleni."

"Sitasema," nikajibu.

Tulipiga kasia hadi nchi kavu. Nikaufuata waya wa kijivu kwa vidole, inchi kwa inchi, hadi pale injini inapojigeuza. Ngozi yake ilikuwa nzima, lakini ndani shaba ilikuwa imekatika. Tukikata kushoto waya ulivutika, ncha zikaachana. Nikaukata, nikaunga kwa risasi iliyoyeyushwa, nikauacha ulegee kidogo. Mshale haukulala tena.

Lakini mimi sikulala. Nilimwona yule mvuvi kila nilipofumba macho. Asubuhi nikaenda kwa afisa peke yangu, nikamweleza yote.

Hakumfukuza mzee. Alimwita, akasimama nyuma yake, akamtaja jina mara mbili, kisha akamhamishia stoo kutunza nyavu na vipuri kwa mshahara ule ule. Mzee Odhiambo alikabidhi ufunguo wa boti. Kwa mwaka mzima nilipokwenda kuchukua kipuri alikiweka mezani akiangalia ukuta.

Nilistaafu miaka ya themanini ikielekea kwisha, nikiwa foreman. Vijana wa leo huniuliza ni injini gani ilinishinda. Injini nilizimudu. Miaka michache kabla ya kustaafu, nilikutana na Mzee Odhiambo sokoni Taveta, ameshika mkungu wa ndizi za Mboghoni. Nilisimama mbele yake ili aone midomo yangu, nikamwambia, "Mzee, nisamehe. Niliogopa ungeua mtu."

"Ningeua," akasema. "Hata mimi niliogopa. Ulifanya vyema kusema." Akahamishia mkungu bega la pili. "Lakini ungeniambia mimi kwanza. Tungekwenda kwa afisa pamoja, niseme kwa kinywa changu mwenyewe."

Nikampokea mkungu, nikambebea hadi stendi.