Pasi ya Siku Saba

Katika miaka ya vita vya shifta, waasi wa kaskazini mwa Kenya, nilikuwa karani wa ofisi moja ya serikali mjini Isiolo. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa matangazo ya barabara: ipi imefunguliwa, ipi imefungwa, na nani aruhusiwe kupita kizuizi cha kaskazini. Nilihamishiwa huko hali ya hatari ikiwa imekwisha kutangazwa, kwa hiyo mimi mwenyewe sikuwahi kukivuka. Garbatulla, Sericho na mbuga ya wanyama iliyo kando ya mto Uaso Nyiro nilizijua kwa maandishi tu.

Baba yangu, seremala wa misheni huko Meru, alikuja kukaa nami baada ya daktari kumwambia kwamba macho yake hayatamaliza mwaka na kwamba ugonjwa ule haukuwa na tiba. Kilichomleta ni ubishi. Ujanani alibeba minyororo ya wapima ardhi hadi mto ule, na tangu nikiwa mtoto alisimulia kwamba twiga wa kule hawana madoa, bali wamevikwa wavu mweupe juu ya ngozi nyekundu, mistari imenyooka kana kwamba imepigwa kwa rula. Nilipokuwa sekondari nilimwonyesha twiga wa kitabuni, mwenye mabaka yaliyochanika kingo, nikamwambia kumbukumbu imemdanganya. Jambo hilo halikumtoka. Sasa alitaka tusimame wawili mbele ya twiga mmoja, naye angali anaweza kuuona uso wangu nikishindwa.

Nilifungua faili ya safari ile. Niliomba likizo, pasi ya watu wawili, na nafasi katika msafara uliosindikizwa na askari. Pasi ilidumu siku saba. Ya kwanza ilipotoka, lori lilikanyaga bomu upande wa mashariki na barabara zote zikafungwa. Tangazo nililipiga chapa mwenyewe, pasi yangu ikiwa drooni. Ya pili ilikwisha siku ambayo likizo ilikubaliwa. Wakati huo wote, kila asubuhi Baba aliamka, akavaa koti na viatu vya safari, akaketi ukingoni mwa kitanda. Nikirudi saa sita nilimkuta akizunguka uani, mkono ukigusa ukuta. Aliniinulia uso tu, nami nikasema bado.

Mjini wote walimwunga mkono. Mwenye mkahawa aliapa kwamba twiga wale wana wavu. Nilimwuliza aliwaona mwaka gani, na kwa umbali gani. Alicheka, akaniongezea chai.

Asubuhi moja, pasi ya tatu ikiwa imebakiza siku mbili, dereva Mborana aliyewapelekea unga askari wa wanyamapori wa mbuga ile alisimamisha lori mlangoni petu. Alitoa salaam aleikum, akasema barabara imefunguliwa tangu alfajiri na mbele ana nafasi mbili.

"Nani amekuambia?" nikamwuliza.

"Askari wa kizuizi. Nimetoka kuongea naye sasa hivi, karani."

Baba alikuwa amekwisha kuweka mguu mmoja kwenye kipandio.

"Tangazo la kufunga bado liko ubaoni," nikasema. "Kama sijapiga chapa jingine, barabara haijafunguliwa."

Dereva alimgeukia Baba. "Mzee, mwanao akinyeshewa ataomba kwanza barua ya mvua."

Baba hakucheka. Aliushusha mguu taratibu, akiitafuta ardhi.

Amri ilikuwa imefika kizuizini kwa simu ya upepo. Ofisini ilitufikia saa nne, na nilipomaliza kuipiga chapa magari yalikuwa yamekwenda. Kesho yake asubuhi nilipiga chapa amri ya kufunga tena.

Barabara ilipofunguliwa moja kwa moja, vita vilikuwa vimekwisha, na Baba alitofautisha mwanga na giza tu. Nilidhani hatataka tena kwenda. Alinitangulia kupanda Landrova.

Tulifika mtoni mchana. Twiga watatu walikuwa wakila majani ya mgunga, kiasi cha hatua thelathini. Niliwatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Wako?" Baba akauliza.

"Wako watatu. Ni wavu, Baba. Mistari myeupe, imenyooka. Nilikosea."

Alinigeuzia uso kama alivyokuwa amepanga, akautuliza hapo kitambo.

"Hiyo ni habari ya kusikia," akasema. "Iandike, uipige muhuri."

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya wenzangu, nikapiga chapa taarifa: idadi ya twiga, umbali, rangi ya mistari, na jina la aliyesema kweli. Muhuri niliutumia bila idhini, kosa la pekee la aina hiyo katika utumishi wangu. Baba aliikunja karatasi asiyoweza kuisoma, akaitia mfukoni mwa koti lile la safari, na tangu siku hiyo kila mgeni aliyefika kwetu alitakiwa kuisoma kwa sauti, nami nikiwapo.