Korosho za Maganda

Siku yangu ya kwanza jikoni, katika nyumba ya wageni mjini Moshi, Mpishi Mkuu alinipokea kwa swali. Aliitwa Bi Zuhura, mzaliwa wa mjini, mkali lakini mwenye haki. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku akinyooshea kidole majani mezani.

"Haya nini?"

"Mnafu, mama. Kwetu Uru tunauchemsha kwa magadi."

"Na hizi?"

Karanga nilizijua za kutafuna tu. Alipozitwanga na kuzimimina kwenye mchicha, nilishtuka nikidhani anaharibu mboga. Kumbe ndiko kuunga, yaani kuipa mboga uzito na ladha. Akanifundisha pia kuchambua karanga, kutupa zilizosinyaa na zenye ukungu.

Mshtuko wenyewe ulikuja baadaye. Mgeni mmoja kutoka Mtwara alituletea zawadi ya korosho zikiwa na maganda. Jikoni tulizoea zile nyeupe za dukani. Hizi za kijivu hatukuwahi kuziona. Mwenzangu Felista, binti wa kwetu mlimani, akachukua moja akaipasua kwa meno.

"Naungua! Mama, naungua!"

Midomo ilivimba tukiitazama. Nilikimbilia kikombe cha maji. Bi Zuhura alitupa mwiko.

"Tema! Usimeze! Leteni sabuni!"

Alimwosha kwa mikono yake, tukamkimbiza hospitali. Daktari akasema ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Sikuamini. Kitu kitamu vile, kimevikwa moto? Bi Zuhura, ambaye sikuwahi kumsikia akijilaumu, alikaa kwenye benchi akirudia, "Nimezipokea mimi. Sikuuliza."

Felista alipona, ingawa ngozi ya midomo ilibambuka yote. Yule mgeni, kwa huzuni kubwa, alirudi kutufundisha kubangua: unazichoma nje, mbali na moshi wake, unazizima kwa majivu, ndipo unagonga ganda na kutoa kiini. Miali iliporuka kutoka kwenye maganda, nilirudi nyuma mpaka nikajikuta kwenye michongoma. Felista hakusogea. Alijifunga kitambaa usoni, akaomba fimbo ya kukorogea.

Baadaye nilihamia jiko la chuo, chini ya Matroni. Kila mchuuzi aliyeleta kitu nisichokijua nilimhoji: kinamenywaje, kinaivaje, kibichi kina madhara gani?

"Mpishi, mbona unahoji watu kama polisi?" Matroni aliniuliza.

"Nimeona chakula kikimchoma mtu, Matroni."

Tangu hapo, mchuuzi mgeni akifika, yeye mwenyewe alimleta kwangu kwanza.

Sasa nimestaafu, nalima mboga zangu Uru. Vijana wanaoanza upishi huniuliza kilichonishangaza zaidi kazini. Nawaambia ni mtu nisiyemjua jina: yule wa kwanza kabisa kuing'ata korosho, akaungua midomo, kisha kesho yake akarudi kwenye mti uleule kutafuta namna ya kuila.